Mashoto wa Kwenye Picha

Mwezi uliopita nilifungua kabati la nguo katika nyumba ya wageni mjini Songea, nikakutana na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, na palepale nikawa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Wenzangu wakinusa vidonge hivyo huwakumbuka shangazi zao na masanduku ya vitenge vya sikukuu. Mimi nakumbuka makumbusho. Nakumbuka chumba kimoja chenye madirisha mawili, kando ya Ziwa Nyasa, ambamo niliitwa mwongo mbele ya darasa zima siku ambayo nilikuwa nikisema kweli tupu.

Na lazima nikiri kwamba siku nyingine zote jina hilo lilinifaa. Sikuwa mwongo wa kudhuru mtu, nilikuwa natia chumvi. Tukikutana na nyoka njia ya kisimani, mpaka nifike nyumbani alikuwa ameshakuwa chatu na ameshameza mbuzi wa jirani. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea kule Maguu, alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha anauliza kwa upole, "Na ukimpunguza, huyo nyoka ana urefu gani?" Basi nampunguza mpaka tunakubaliana. Mwalimu Komba, aliyetufundisha darasa la tano, hakuwa na subira ya namna hiyo. Yeye alikuwa anasema tu, "Kaa chini."

Lakini ni Mwalimu Komba huyohuyo aliyetupa siku kubwa kuliko zote za utoto wetu. Lori la parokia lilikuwa linashuka ziwani kila mwisho wa mwezi kupeleka maharage na kurudi na usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, na mwalimu akamwomba paroko atubebe juu ya magunia. Alisema historia ya kusoma ubaoni inatuingia sikio hili na kutokea lile, afadhali tukaishike kwa mikono. Wiki nzima hatukuongea jambo lingine. Mimi nilikuwa nimeshawaambia watoto wa darasa la nne kwamba tutavuka ziwa mpaka ng'ambo na kurudi.

Tuliondoka asubuhi na masweta yetu, kwa sababu Maguu asubuhi baridi inaingia mpaka kwenye meno. Lori lilivyokuwa linateremka, joto likapanda. Kwanza tukavua kofia, halafu masweta, halafu viatu, mpaka tukafika bondeni tumebaki na mashati na kelele. Tuliimba nyimbo zote za kanisani, zilipoisha tukaimba za mchakamchaka, na zilipoisha hizo tukawa tunapiga tu makofi kwenye bodi ya lori. Editha, rafiki yangu na mshindani wangu, ndiye aliyelinyooshea kidole ziwa. Mimi nilikuwa nimeshaliona zamani, ila sikujua kama ni ziwa. Kwetu, ukungu hujaa mabondeni asubuhi ukawa mweupe na tambarare hivyohivyo, na nilikuwa najiuliza kimoyomoyo watu wa huku ni wavivu kiasi gani mpaka ukungu wao saa nne haujaondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa kama kanisa, karibu na maji, lenye ufa ambao mtoto anapita wima na mtu mzima anapita ubavu. Ndani kulikuwa na nafasi ya kukaa watu wengi. Mwalimu Komba alituambia kwamba zamani, wavamizi walipokuja kuteka watu, wenyeji wa pale walikuwa wanajificha humo na watoto wao, na mama mwenye mtoto mchanga alikuwa anakaa mwisho kabisa ili kilio kisisikike nje. Akatutaka tukae kimya kama wao, tuone inakuwaje. Tulikaa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza darasa letu kunyamaza bila fimbo. Nikapapasa dari, vidole vikarudi na masizi meusi ya mioto ya watu wale, nikafurahi mpaka nikapaka kidogo mashavuni. Editha akalia gizani, halafu tulipotoka akasema ni mimi niliyelia. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa na masizi ya kweli ya kihistoria na yeye hakuwa nayo.

Kituo cha pili kilikuwa gofu la nyumba ya Mjerumani. Zilibaki kuta tatu za mawe na mti uliokuwa umeota sebuleni. Kilichotushangaza sisi, watoto wa wakulima, hakikuwa kuta bali uwanja, maana ulikuwa umejaa mashimo. Hapa inabidi nieleze. Sisi Wamatengo tunalima milima kwa ngoro. Nyasi hufyekwa zikalazwa kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuutupia juu ya nyasi, mpaka mlima mzima unabaki na vishimo vilivyopangana, na mvua ikinyesha maji hutulia shimoni badala ya kukimbia na shamba. Mtoto wa kwetu akiona mashimo mengi pamoja, anaona shamba. Na lile lilikuwa shamba baya kuliko yote niliyowahi kuona. Mashimo mengine marefu kama mtu, mengine ya upande, hayana mstari, hayana nyasi. Nikamwambia kijana aliyekuwa anatutembeza, kwa huruma kabisa, kwamba nyasi hulazwa kwanza, na kwamba wakitaka, bibi yangu anaweza kuja kuwafundisha. Wenzangu wote wakatikisa vichwa kuniunga mkono. Kijana yule alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo mwalimu akatueleza kwamba yale ni mashimo ya watu wanaotafuta dhahabu ambayo eti Mjerumani aliifukia wakati anakimbia. Nilimwuliza kama kuna aliyeipata. Akasema hakuna. Nikaona hata hivyo wangepanda maharage.

Kwa hiyo tulipofika makumbusho nilikuwa nimevimba kichwa, nimejaa masizi, na kila mtu alikuwa ananitazama niseme kitu. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana ndugu za mtunzaji wa makumbusho wako wengi pale na ni wepesi kununa. Ilikuwa nyumba ndogo ya zamani ya mapadri. Ufunguo alikuwa nao Mzee Hamisi, mwenye duka la vitenge jirani, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Parokia ilimkabidhi yeye kwa sababu mapadri walikuwa wanahamishwahamishwa lakini duka la Mzee Hamisi halikuwahi kufungwa. Alifungua mlango, harufu ya vile vidonge ikatulaki, tukaingia kwa vidole vya miguu kama tunaenda kupokea komunyo.

Jamani, vile vitu! Kulikuwa na kasia lililoliwa na mchwa nusu, limelazwa mezani, kengele ya meli isiyo na ulimi, kiti cha kubebea padri mabegani, mnyororo wa chuma ambao Mzee Hamisi hakutaka tuuguse na hakutaka kueleza sana, na jembe la kufuliwa na mhunzi, zito kama dhambi. Nilikwenda kutoka kitu hadi kitu nikiwa siwezi kupumua vizuri. Nilitaka kuviuliza vyote maswali. Ukutani kulikuwa na picha kama kumi, zimegeuka rangi ya chai, na chini ya kila moja karatasi iliyopigwa taipu. Kwenye ya mwisho, karibu na dirisha, iliandikwa: Akina mama wa Kimatengo wakilima ngoro. Zamani.

Na ndani ya picha ile alikuwemo bibi yangu.

Sikuwa na shaka hata chembe. Bibi yangu ni mashoto. Kwetu kazi ya ngoro hufanywa kwa ngokela, yaani wanawake hukusanyika leo shamba la huyu, kesho la yule, wakapanga safu na kupanda mlima pamoja, jembe kwa jembe. Wote wanatupa udongo upande mmoja. Bibi peke yake alikuwa anautupa upande wa pili, na aliyesimama karibu naye alikuwa hatarini kukatwa kifundo cha mguu, kwa hiyo safu yoyote ya ngokela iliyokuwa na bibi ilikuwa na pengo, ungefikiri jino limeng'oka. Nilikuwa nimeliona pengo lile tangu napelekwa shamba nikiwa nimebebwa. Sasa nikaliona ukutani. Wanawake saba, kisha pengo, kisha mwanamke mmoja ameinua uso kumtazama mpiga picha, jembe limeshikwa kwa mkono wa kushoto, udongo unaruka upande wake peke yake. Paji la uso lilikuwa la bibi, na mdomo ule wa kama anataka kuuliza jambo. Mgongoni alikuwa na mtoto, kichwa tu kinaonekana. Nikapiga hesabu haraka nikaona huyo lazima ni baba yangu mkubwa.

Nilisema kwa sauti kwamba yule ni bibi yangu. Darasa zima likacheka, na sikuwalaumu, wananijua. Mzee Hamisi hakucheka. Alisema picha ile ilipigwa na mapadri wa mwanzomwanzo, kabla baba yake mwenyewe hajaoa, na mwanamke yule kama yu hai ana miaka zaidi ya mia. Akaniuliza bibi yangu ana miaka mingapi. Nikasema mia. Hapo hata mwalimu alicheka, lakini kicheko chake kilikatika upesi, kwa sababu niliendelea kushikilia, na machozi yalikuwa yameanza kunitoka, na nilikuwa nampigia kelele mtu mzima.

Mwalimu Komba akanitoa nje. Alisema kuna wakati wa kutia chumvi na kuna wakati wa kumwomba mtu radhi, na Mzee Hamisi anatunza vitu vile bila malipo, hastahili kuongopewa ndani ya nyumba yake. Nikakataa kuomba radhi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mwalimu akatoa hukumu ambayo mpaka leo naiona ya haki. Lori litashuka tena mwisho wa mwezi ujao. Bibi aje mwenyewe aitazame picha. Akisema ni yeye, mwalimu ataniomba radhi mstarini, mbele ya shule nzima. Akisema si yeye, nitasimama mimi mstarini niseme kwa kinywa changu kwamba mimi ni mwongo.

Nilifika nyumbani nikamkuta bibi anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsimulia yote bila kupumua, jiwe, masizi, dhahabu, picha. Akaniuliza, kama kawaida yake, nikiipunguza hiyo habari inabaki kiasi gani. Nikamwambia hii haipunguziki. Akaendelea kuchambua. Akauliza yule mwanamke analima kwa mkono gani. Nikamwambia kushoto, na pengo lipo, na mtoto mgongoni yupo, baba mkubwa. Vidole vyake vikasimama kwenye maharage. Alisema yeye hakumbuki kupigwa picha na padri yeyote ujanani mwake. Nikamwambia labda amesahau, ni mzee. Akasema labda.

Nilikuwa najua, kama nilivyojua jina la kijiji chetu, kwamba mama yake bibi alifariki bibi akiwa hajaanza kutembea. Ilikuwa inasemwa nyumbani kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu. Bibi alikuwa anataja majina ya watu wake wote, na akifika kwa mama yake alikuwa anasema huyu namwombea ingawa nikikutana naye njiani sitamjua. Hakubakiwa na kitu chake, hata ushanga. Yote haya niliyajua, na hayakunijia kabisa akilini. Mimi nilikuwa nawaza mstarini.

Wiki zile nne zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Editha aliniuliza kila siku kama nimeshaandaa maneno ya kusema. Siku ilipofika, bibi alivaa kitenge cha Pasaka, akabeba kibaba cha maharage ya kumpa mwenye makumbusho, akakalishwa mbele na dereva. Mimi na Mwalimu Komba tulipanda nyuma kwenye magunia. Kupitia dirisha dogo la lori nilikuwa namwona bibi anaongea muda wote. Alikuwa anamwonyesha dereva mahali walipokuwa wanapumzika walipokuwa wasichana, wakishuka kwa miguu na maharage kwenda kubadilishana na samaki, na kila tulipopita kijijini alikuwa anamtaka apige honi ili watu wajue nani anapita. Dereva alipiga. Roho yangu ilikuwa juu kwa furaha na kwa woga, na hata mwalimu, nilimwona, alikuwa anatabasamu peke yake upepo ukimpiga.

Mzee Hamisi alitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alimwamkia bibi shikamoo, akapokea maharage kwa mikono miwili, akafungua mlango na madirisha yote mawili. Nilimshika bibi mkono nikamvuta moja kwa moja mpaka kwenye picha ya mwisho. Sikumwacha hata aangalie kengele ya meli.

Akaitazama. Macho yake ya mbali yalikuwa bado mazuri ila ya karibu hapana, kwa hiyo alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Alianza na mandhari ya nyuma badala ya watu. Alinyoosha kidole kwenye jiwe lililopasuka juu ya mlima, akasema lile liko shambani kwake, analolima mpaka leo, shamba alilolifungua baba yake. Nikamtazama mwalimu kwa ushindi. Kisha kidole kikateremka kwenye safu, kikapita wanawake saba mmoja mmoja, kikavuka pengo, kikasimama.

"Huyu si mimi," akasema.

Nilimwambia aangalie mkono. Nilimwambia aangalie pengo. Mwalimu Komba akaweka mkono begani kwangu, bila ukali, na nikajua ananionea huruma, jambo lililokuwa baya zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kusikia sauti yangu mwenyewe mstarini Jumatatu.

Lakini bibi hakuwa akituangalia. Kidole chake kilisogea kidogo sana, upana wa punje ya mahindi, kikagusa kile kichwa cha mtoto mgongoni.

"Mimi ni huyu," akasema.

Akaeleza taratibu, kana kwamba anajieleza mwenyewe, kwamba baba yake alilifungua shamba lile mwaka aliozaliwa yeye, na mama yake alililima msimu mmoja tu, maana mvua zilizofuata hazikumkuta. Hakuna mtoto mwingine aliyebebwa mgongoni katika shamba lile na mwanamke mashoto. Alisema alipokuwa binti, wanawake wazee wa ngokela walikuwa wanamwambia mkono ule kauchukua kwa mama yake, na yeye alidhani wanamfariji tu, wanampa yatima kitu cha kushika.

Mzee Hamisi akavua kofia yake. Akasogea ukutani, akaitoa picha kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa kanzu yake, akaishika kifuani pake usawa wa macho ya bibi ili aione vizuri kwa mwanga wa dirisha. Mstarini nilikuwa nimeshapasahau kabisa.

Bibi alikuwa mkubwa kuliko watu wote wa Maguu. Watoto walimwamkia, wazee walimwamkia, paroko alimwamkia, na yeye kazi yake ilikuwa kuitikia tu. Sikuwahi hata siku moja kumsikia akimwamkia mtu, kwa sababu wa kumwamkia hakuwepo. Magoti yake yalikuwa yameshakataa, hata kanisani alikuwa anakaa wakati wengine wanapiga magoti. Alifungua kitenge cha begani akajifunga kiunoni, vizuri, kama msichana anayeingia kwa watu. Akashika ukingo wa meza ya kasia, akashuka goti moja, halafu la pili, mpaka sakafuni. Mwalimu alitaka kumsaidia, akamzuia kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kisha akabaki palepale chini, kichwa ameinamisha, akisubiri kuitikiwa.